Benki za Kanada na Magoti ya Mama Furaha

Siku yangu ya mwisho ofisini waliniletea keki na wakaniomba nitoe hotuba. Hotuba nilikataa, keki nikala. Sasa nimekaa nyumbani hapa Buffalo, Amerika, theluji imefika kwenye kitasa cha mlango na sina pa kuwahi, kwa hiyo nawaandikia nyinyi wawili mliochukua meza yangu. Hiyo ndiyo hotuba yenyewe. Someni mkiwa mmekaa.

Nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua mama zenu wakiwauliza mnajibu kwa Kiingereza, na wao wamekwishachoka kuwagombeza. Lakini kuna wateja watakaoingia pale ofisini wakivua glavu polepole huku wakitafuta uso wa kuuamini. Hao watauliza kwa Kiswahili. Mkiwajibu kwa Kiingereza watatikisa kichwa, watasaini, watashukuru, na wataondoka bila kuelewa kitu. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo nilivyopewa vilikuwa na majina marefu na kazi ikabaki ileile: kulinganisha hisa za benki kubwa za Kanada, nani kapanda, nani kalipa wenye hisa gawio la faida, na nani anatuchezea shere.

Nilianzia mji wa Louisville, tena sikuanzia kwenye hisa, nilianzia kwenye vifurushi. Sisi Warundi tuliokulia kambini Kigoma tulipofika pale tuligawanywa kwenye maghala kama tulivyokuwa tukigawiwa mahindi: wewe huku, wewe kule, asante, anayefuata. Kambini nilikuwa mwalimu wa hesabu. Louisville nilisimama kwenye mkanda unaotembea, nikawa nageuza kifurushi ili anwani iangalie juu. Kazi ile haitaki hesabu, inataka mgongo, na wangu ulikuwa bado mzima.

Siku moja wakatuita kwenye chumba cha mapumziko. Alikuja kijana mwenye tai, ametumwa kutueleza akaunti ya kustaafu. Akaonyesha ukutani grafu yenye mistari miwili inayopanda kwenda kulia, mmoja wa chini na mmoja wa juu sana. "Mkianza leo, mtafika hapa," akasema, na kidole chake kikagusa ncha ya ule wa juu. Watu wote wakasaini. Ndivyo tulivyozoea: kambini ukiletewa karatasi unasaini kwanza, maswali utauliza ukishapata mafuta yako ya kupikia. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini mistari ni miwili. Kijana akaigeukia grafu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Akasema hilo ni swali zuri sana. Nikajua hajui.

Msije mkadhani niliingia kwenye kazi hii kwa kupenda fedha. Niliingia kwa hasira. Mtu amesimama mbele ya watu waliokesha wakigeuza vifurushi, anawaambia wataishi uzeeni kwa mstari ambao hata yeye hajui unatoka wapi! Nikaanza kusoma jioni. Mtihani wa leseni nilifeli mara ya kwanza, nikalia, nikala wali, nikarudi. Mara ya pili nikafaulu, nikahamia Columbus, nikapata kazi kwenye ofisi ya simu ya kampuni moja ya hisa.

Nilipanga mtaa wa Clintonville, kwa bibi mmoja mwenye paka wengi na maswali machache, mpangishaji bora niliyewahi kumpata. Siku ya kwanza kazini nilipewa kile kifaa cha kuvaa kichwani chenye kipaza sauti, na mto wake wa sikio ulikuwa bado una joto la mtu wa zamu iliyotangulia. Kwenye mafunzo hawatawaambia hili, basi nawaambia mimi: nunueni mto wenu wa sikio. Leseni inapatikana tena, sikio halipatikani.

Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya mzee anayepiga kelele. "Mmenila!" akasema. Alikuwa amenunua hisa za benki ya Kanada, akasoma gazetini gawio ni kiasi fulani, na kilichomfikia kilikuwa pungufu. Nilimjibu kwa utulivu wa mwalimu kwamba nitachunguza, nikabonyeza kitufe cha kumweka asubiri, halafu nikageuka kutafuta msaada. Msimamizi wetu, Mkenya mmoja anayeitwa Mwangi, akainua kichwa kutoka meza ya pili.

"Ni bank ya Canada?"

"Ndiyo."

"Basi relax, Mama. Gawio limetangazwa kwa dola ya Kanada, yeye analisoma kama dola ya hapa. Halafu Kanada wamekata kodi yao kabla pesa haijavuka mpaka. Angeziweka hizo hisa kwenye akaunti ya kustaafu, hiyo kodi haingekatwa. Mwambie pole pole, na tafadhali usicheke."

Nikamwambia. Mzee akauliza, "Sasa mbona hakuna aliyeniambia?" Hilo swali nimelisikia kazini kuliko jina langu. Wakati mwingine jibu ni kwamba mtu aliambiwa na hakusikiliza. Mara nyingi jibu ni kwamba kweli hakuna aliyemwambia.

Mwangi ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mropokaji, mpenda piza, na hana adabu kwa mtu yeyote mwenye suti. Siku moja nilimweleza habari za kijana wa Louisville na mistari yake miwili. Alicheka hadi piza ikampalia. Akachukua kalamu akachora kwenye kifuniko cha boksi. Mstari wa chini, akasema, ni bei ya hisa peke yake. Wa juu ni bei pamoja na gawio ambalo halikuliwa, lilirudishwa kununua hisa nyingine, nazo zikaleta gawio lake, nalo likarudishwa tena, mwaka hadi mwaka. Kwa benki, pengo kati ya mistari hiyo ni kubwa mno, kwa sababu benki hulipa gawio vizuri na hulipa bila kukatiza. Ukilinganisha benki kwa bei tupu umelinganisha nusu ya mambo. Nilirudi nyumbani na kile kifuniko cha boksi, kikanuka jibini chumbani wiki nzima.

Benki kubwa za Kanada ni chache, unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kuazima kimoja. Majina yao siyaandiki, nina pensheni ya kulinda. Mimi na Mwangi tulizipa majina yetu. Kulikuwa na Shangazi, mkubwa, haharakishwi na mtu, mwaka mzuri anaongeza kidogo na mwaka mbaya hapunguzi. Kulikuwa na Mkarimu, ambaye gawio lake ukilipima na bei ya hisa lilikuwa nono kuliko la wenzake wote. Na kulikuwa na Bahili, mdogo wao, analipa kiduchu na kukua kimya kimya.

Wateja wakimwona Mkarimu wanatokwa mate. "Kabla hujampenda," Mwangi alikuwa akisema, "uliza: ni gawio limenona, ama ni bei imekonda?" Maana asilimia ya gawio ni gawio ukiligawanya kwa bei. Bei ikianguka, asilimia inapanda yenyewe, hata kama benki haijaongeza senti moja. Mtu akikonda, suruali yake inaonekana kubwa. Hajanunua suruali.

Jambo la pili ni tarehe ya kuanzia. Niachieni nichague mwaka wa kuanzia, nitawashindishia benki yoyote mnayoitaka. Ukianza chini kabisa ya mwaka mbaya, kila benki ni malaika. Ukianza kileleni, zote ni wezi. Basi mtu akiwaletea grafu, tazameni kwanza kona ya kushoto, huko alikoanzia. Na yeye mwenyewe mtazameni usoni.

Buffalo nilikuja kwa sababu Kanada iko ng'ambo ya daraja. Wazee wa huku wamevuka kwenda kula na kuvua samaki tangu ujana wao, kwa hiyo wanaziamini benki za kule kama wanavyomwamini jirani anayefyeka nyasi zake kwa wakati. Ofisi ilitaka mtu anayezijua benki hizo. Ilitaka pia mtu wa Kiswahili, maana Wakongo na Warundi walikuwa wameanza kufika na akiba zao za maghalani na hawajui waziweke wapi. Kila mwanzo wa mwaka nilichora grafu moja kubwa ya kulinganisha benki zote, kila benki na ile mistari yake miwili, miaka mingi nyuma, kila kitu kimebadilishwa kuwa dola ya hapa. Tuliwagawia wateja, na wale wa Kiswahili niliwasomea kwa majina yaleyale: Shangazi, Mkarimu, Bahili. Wengi waliipamba nayo friji.

Sasa niwaambie habari za Mama Furaha, kwa sababu ndiye aliyenifundisha grafu yangu inasema nini.

Mama Furaha ni wa Uvira, Kongo, na Kiswahili chake ni cha kule: husema "njo" kwa "ndiyo", na "bon" ya Kifaransa kwa "haya". Aliishi mtaa wa Kensington-Bailey na binti yake Aline, ghorofa ya juu, nyumba yenye ngazi mbaya. Alifanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee: kuwageuza, kuwainua, kuwabadilisha, kuwaimbia. Mwili wake mdogo, sauti yake ya kujaza soko. Akiba yake tuliigawa: sehemu kwa Shangazi na Bahili, kidogo kwa Mkarimu kwa sababu alimpenda na nilichoka kubishana, na sehemu kwenye vitu vingine vya kuchosha ambavyo sitawachosha navyo. Gawio lote lilikuwa likirudi kununua hisa. Tulikubaliana kwamba siku magoti yakikataa, tutageuza: gawio litaingia mkononi mwake kila robo mwaka, litaongezwa kwenye pensheni ya serikali, naye ataacha kazi ya usiku. Nilimpigia hesabu mbele yake. Inatosha. Si ya anasa, lakini inatosha.

Tena hakuwa mtu wa kutishika. Mwaka wa korona bei ziliporomoka, wateja wangu wenye shahada mbilimbili walinipigia wakilia wauze kila kitu. Yeye alikuja ofisini na barakoa yake ya kitenge.

"Bei imeanguka?"

"Imeanguka, mama."

"Na gawio?"

"Gawio lipo."

"Bon. Miye nilikimbiaka Uvira na sufuria moja. Hii njo nini?" Akaenda zake.

Halafu magoti yakakataa. Daktari alimwambia bila kuzunguka: akiendelea kuinua watu, hautapita muda mrefu ni yeye atakayekuwa anainuliwa. Nikatayarisha karatasi za kugeuza gawio, nikamwita. Akaja na sare ya kazi, akakaa kwa awamu mbili, kwanza mkono kwenye meza, kisha mwili. Kalamu nikampa. Hakuishika.

"Mama Ester, siwezi saini. Ile gawio ibakiye inarudi kule."

"Na kazi ya usiku?"

"Nitaendelea."

"Na magoti?"

"Mungu iko."

"Yuko, sikatai," nikasema, "lakini sijamwona kwenye ratiba ya zamu."

Kwa kawaida hapo angecheka hadi kitambaa kimdondoke. Hakucheka. Nikafunga mlango nikamwambia anieleze vizuri, na kumbe balaa limetoka kanisani.

Kanisa lao lilikodi ukumbi Cheektowaga, nje kidogo ya mji, nyuma ya duka la matairi. Pale kuna Shemasi Safari, dereva wa forklifti, lile gari la kuinulia mizigo ghalani, ambaye wakati wa mapumziko anaangalia bei za hisa kwenye simu kama wengine wanavyoangalia mpira. Ndiye aliyewashawishi nusu ya waumini kununua hisa za benki za Kanada, na kwa hilo namheshimu. Basi Pasta, alipoona kondoo wake wana gawio, akahubiri kwamba gawio ni mavuno, na mavuno yanatolewa fungu la kumi. Watu wakaanza kujikuna. Mmoja akauliza kama bei ya hisa ikipanda nayo inatolewa. Pasta akasema hapana, hiyo bado iko shambani. Ndipo Safari akasimama, akauliza: na gawio ambalo halikugusa mkono wa mtu, limerudi lenyewe kununua hisa, hilo nalo? Pasta akafikiri, akasema hilo ni mbegu. Mbegu haitolewi fungu la kumi.

Looh! Jumatatu simu ya ofisi haikupumua. Kanisa zima lilitaka gawio lirudi lenyewe. Watu ambao kwa miaka mitatu sikuweza kuwaelewesha faida ya kurudisha gawio, Pasta aliwaelewesha kwa sentensi moja, tena bila kukusudia. Bosi wangu alidhani ni kazi yangu akanipongeza. Nilipokea pongezi.

Ingeishia hapo ingekuwa kichekesho. Lakini hawa ni watu wa mashamba. Wengi wao wamewahi kulala njaa na gunia la mbegu liko ndani ya nyumba, na hakuna aliyeligusa. Anayekula mbegu ni mtu aliyekata tamaa, au mpumbavu. Kitu kikishaitwa mbegu, imekwisha, mkono hauendi. Na Safari, kwa kimbelembele chake, alikuwa anatuma kwenye kundi la simu la kanisa ulinganisho wake wa kila wiki: Shangazi wa anayerudisha, Shangazi wa anayekula. Chini ya ule wa pili aliandika neno moja: walafi.

"Nilisoma ile neno niko kazini, niko nageuza muzee wa watu," Mama Furaha akaniambia, macho yakiwa mezani. "Batasema nini? Mutu ametoka Uvira na sufuria moja, leo iko Amerika, iko na nyama mu friji, na njo leo anakula mbegu?"

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Na nilimwonea huruma, lakini mbele yake singelia, na pale ofisini hakuna pa kulilia ila chumba cha mashine ya fotokopi, ambacho mlango wake haufungi. Nikampigia Pasta nikaomba nafasi Jumapili baada ya ibada. Alifurahi sana. Alidhani naleta semina.

Jumapili nikaenda na grafu yangu chini ya kwapa. Safari alikuwa amenitangulia. Ametundika grafu mbele, kubwa kama shuka, ya rangi, na nilipoisogelea nikaona ni yangu mwenyewe! Ile ya kila mwaka. Alikuwa ameipeleka mahali wakaikuza.

"Mama Ester, bon, karibu," akasema, na fimbo ya kuonyeshea anayo. "Utuambiye ukweli mbele ya batu ba Mungu. Huu mustari wa juu, ni wa nani?"

"Wa anayerudisha gawio."

"Na huu wa chini?"

"Ni bei tupu."

"Donc, basi, batu banakula, banabakia hapa chini." Kanisa likaguna. Mama Furaha alikuwa mstari wa pili, karibu na Aline, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Hapana, Shemasi," nikasema. "Huo wa chini hauonyeshi alichokula. Mtu amelipa kodi ya nyumba kwa lile gawio, amenunua unga, amemtumia ndugu yake dawa. Vyote hivyo viko wapi kwenye hii shuka yako?"

"Shuka ni yako."

"Ni yangu, ndiyo, ndiyo maana najua havipo." Watu wakaanza kucheka, nikaona niendelee kabla hawajapoa. "Nani hapa amewahi kumwona mtu wa mstari wa juu? Mimi namchora kila mwaka, simjui. Huyu mtu hali. Haugui, hafiwi, hana ndugu Kongo wa kumpigia simu Jumapili. Miaka yote hii hajachukua hata senti. Magoti hana. Mnamwonea wivu nani, maiti?"

"Lakini ile njo mbegu!" Safari akasema, sasa bila fimbo.

"Baba yako alilima nini?"

"Mihogo. Na maharagi."

"Mbegu ya maharage aliitunza mpaka lini?"

"Mupaka mvua."

"Mvua ikinyesha?"

"Anapanda."

"Na yakikomaa?"

Akaona ninakompeleka, akajitia kusafisha miwani. Mama mmoja nyuma akajibu kwa niaba yake: "Anavuna! Anapika!"

"Anapika," nikasema. "Hakuna mtu Uvira aliyepanda maharage maisha yake yote bila kuinjika sufuria hata siku moja. Shamba ni hisa, na anayekula gawio shamba lake liko palepale, hakuna hisa hata moja iliyopungua. Kama umri unaruhusu na mgongo unaruhusu, rudisha, panda, usiguse, nitakupigia makofi. Lakini mtu akishazeeka akiwa analima, mwacheni ale."

Hapo Pasta akaruka kwenye kiti. "Amina! Mama Ester amesema kweli! Gawio ni mavuno!" Uso ulimng'aa kama wa mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea anarudi mwenyewe. Nilikuwa nimepata mshirika ambaye sikumwomba, na nikatamani nibadilishe hoja.

Safari hakumwachia. "Pastere, pole. Unafurahi juu ya magoti ya mama, ao juu ya fungu la kumi?"

Kanisa likaangua kicheko, hata watoto waliokuwa nje wakachungulia. Pasta akajitahidi kukunja uso, akashindwa, akacheka na yeye. "Yote mbili," akasema. Kwa jibu hilo nilimsamehe mengi.

Mama Furaha akanyoosha mkono, hakusimama. Watu wakamgeukia.

"Miye niko na swali moja. Nikikufa na hii mbegu, nani atakula?"

"Batoto, mama," Safari akasema, kwa upole. "Batoto bako."

Aline akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya vijana wetu, na kwa mara ya kwanza hakuna mzee aliyemkemea kwa hilo. Alisema yeye ana kazi yake, hisa hazitaki. Anataka mama anayeweza kupanda ngazi za nyumbani. Sauti ilimkatika kwenye neno la ngazi, akageuka kutazama dirishani. Mama Furaha akamshika goti, akasema, "Bon, nitafikiri," na tukala sambusa zilizopoa.

Alifikiri hadi Jumatano. Akaja ofisini, na nyuma yake Safari amembebea mkoba, amejitia anatazama picha ukutani. Mama Furaha akakaa kwa awamu mbili, akavuta karatasi, akasaini kila mahali nilipomwonyesha, kisha akanitazama kama mtu aliyeiba kitu dukani na hakuna aliyemwona. Safari akakohoa, akasema lile neno amelifuta kwenye kundi. Halafu hakuweza kujizuia: "Na Mkarimu, Mama Ester, usimuuze. Gawio yake iko nono." Nikamwambia atoke ofisini kwangu.

Mwaka uliofuata nilibadilisha grafu, na naomba msiirudishe ilivyokuwa. Kati ya ule mstari wa bei tupu na ule wa asiyekula niliongeza wa tatu: bei ya hisa, na juu yake gawio lililokwisha kuliwa, limejumlishwa tu, halikuzaa kitu. Si mrefu kama wa juu. Bosi akauliza huo wa katikati ni wa nani, nikamwambia ni wa watu wenye magoti. Aliusoma uso wangu, akaupitisha mstari. Wateja wakiwauliza benki ipi bora, wasomeeni yote mitatu, na kabla ya kujibu waulizeni kwanza wana miaka mingapi na wanalala saa ngapi.

Siku Mama Furaha alipoacha kazi ya usiku sikuambiwa. Nilijua asubuhi moja nikiwa jikoni, jua lipo juu ya theluji, nachemsha chai, simu ikaita.

"Mama Ester. Nimelala."

"Vizuri, mama."

"Hapana, usikilize. Nimelala mupaka jua imeingia mu nyumba. Usiku yote. Niliamuka, magoti aiumi, hakuna mutu anaita, nikasema, bon, nimekufa. Nikaangalia kama Yesu iko pale. Aiko. Ni Aline tu, anapika mayai."

Tukacheka mpaka chai yangu ikamwagika jikoni. Nilipofuta meza nikasikia anavuta pua. Nikamwacha. Halafu akauliza, kwa sauti yake ya soko: "Na Shangazi leo? Amepanda ao ameshuka?"

Nikafungua kompyuta. "Ameshuka, mama. Tena si kidogo."

"Bon, ashuke," akasema. "Miye narudi kulala."